Wimbi Litambaalo: Toka Tetemeko la Ardhi hata Simu ya Gairo

Wengi hudhani kwamba historia ya kupeleka habari ni historia ya kasi tu: tarishi alishindwa na simu ya waya, na simu ya waya ikashindwa na simu ya upepo. Lakini liko wimbi moja lililopata cheo kwa sababu ya mwendo wake wa pole.

Mwaka 1885 mtaalamu Mwingereza, Lord Rayleigh, alithibitisha kwa hesabu tupu kwamba kitu kigumu chaweza kuchukua wimbi litambaalo juu ya uso wake, lisizame ndani. Alidhani huenda mawimbi hayo yana sehemu kubwa katika matetemeko ya ardhi, wala hakukosea. Tarehe 13 Desemba, 1910, nchi za upande wa Ziwa Tanganyika zilipatwa na tetemeko kuu, na mtikisiko wake ukaandikwa na vyombo vya kupimia vilivyokuwa mbali sana. Uso wa dunia wenyewe ulikuwa tarishi.

Mapema zaidi, mwaka 1880, ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, walikuwa wamegundua kwamba baadhi ya fuwele hutoa umeme zikibanwa. Kinyume chake ni kweli pia: zikitiwa umeme, umbo lake hubadilika kidogo. Mwaka 1965 R. M. White na F. W. Voltmer, wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliyakutanisha maarifa hayo mawili kwa njia nyepesi. Walitandaza juu ya fuwele vitana vya madini vyembamba, vyenye meno yaliyopishana. Umeme ukiingia katika kitana cha kwanza, uso wa fuwele hutetemeka. Wimbi likifika kwenye cha pili, hugeuka kuwa umeme tena.

Wimbi hilo huenda kilometa tatu au nne hivi kwa sekunde, hali wimbi la redio huenda 300,000. Hivyo wimbi la redio la megahezi 900, ambalo hewani lina urefu wa sentimita 33, juu ya fuwele hufupika likawa yapata sehemu nne katika elfu za milimita. Nafasi baina ya meno ndiyo maandishi: wimbi linalolingana nayo hupita, lisilolingana hufifia. Katika vibandiko fulani vya utambulisho, visivyo na betri, huchorwa mistari irudishayo mwangwi. Mahali pa kila mstari ni tarakimu, na mfuatano wa miangwi ni namba ya kitu chenyewe. Kilichochorwa kiwandani hakifutiki.

Mfanyabiashara wa Gairo aulizaye kwa simu ya mkononi bei ya mahindi huko Dar es Salaam hana haja ya kuyajua hayo. Hata hivyo, katika simu nyingi, sauti anayoisikia imechujwa kutoka katika makelele ya hewani na kipande cha fuwele kidogo kuliko punje ya mahindi.

Wako waulizao elimu isiyo na faida ya papo hapo yafaa nini. Katika nchi yenye mahitaji mengi, swali hilo si la kudharauliwa. Lakini hesabu ya Rayleigh ilingoja miaka themanini kabla ya kupata kazi hii. Lau ingalitupwa mwaka ule wa 1885 kwa kuwa haikujaza ghala la mtu, White na Voltmer wangalianza wapi? Mwenda pole hajikwai. Na elimu nayo yataka wa kuitunza njiani.