Odinga alipoihama KANU: Siku kiti cha mbunge kilipogeuka mali ya chama

KATIKA historia ya siasa za vyama Afrika Mashariki, ni matukio machache yaliyoacha alama ya kudumu kama kujiuzulu kwa Makamu wa Rais wa kwanza wa Kenya, Jaramogi Oginga Odinga, Aprili 14, 1966. Aliacha wadhifa wake serikalini, akakihama chama tawala cha KANU na kuongoza chama kipya cha upinzani, Kenya People's Union (KPU).

Chama hicho kilidumu kwa takribani miaka mitatu na nusu tu kabla ya kupigwa marufuku. Hata hivyo, sheria iliyotungwa ili kukidhibiti imeishi muda mrefu zaidi. Msingi wake, kwamba mbunge anayekihama chama kilichompeleka bungeni hupoteza kiti chake, ungali ndani ya Katiba ya Kenya hadi leo.

Chanzo cha mfarakano

Odinga na Rais Jomo Kenyatta walikuwa washirika katika harakati za uhuru. Wakati Kenyatta akiwa kizuizini mwishoni mwa miaka ya 1950, Odinga alikuwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo kutamka hadharani kuwa huyo ndiye kiongozi halisi wa wananchi. Kenya ilipokuwa jamhuri Desemba 1964, Kenyatta alimteua kuwa Makamu wa Rais.

Tofauti zao zilijitokeza mapema. Suala kubwa lilikuwa ardhi. Kundi la Odinga, ambalo pia lilikuwa na Bildad Kaggia, lilitaka mashamba yaliyokuwa ya walowezi yagawiwe wananchi wasio na ardhi bila malipo. Serikali ilishikilia utaratibu wa kununua na kuuza, ambapo aliyepewa shamba alibeba deni la kulilipia. Suala la pili lilikuwa uhusiano wa kigeni. Odinga alikuwa karibu na nchi za Mashariki, zikiwamo Umoja wa Kisovieti na China, huku wenzake, akiwamo Katibu Mkuu wa KANU, Tom Mboya, wakiegemea Magharibi.

Februari 24, 1965, mbunge Pio Gama Pinto, aliyekuwa mshirika wa karibu wa Odinga, aliuawa kwa kupigwa risasi jijini Nairobi. Kifo hicho kilizidisha hofu na shuku ndani ya chama.

Pigo la Limuru

Machi 1966, KANU ilifanya mkutano wa wajumbe mjini Limuru. Mkutano huo ulifuta nafasi ya Makamu wa Rais wa chama iliyokuwa ikishikiliwa na Odinga, na mahali pake zikawekwa nafasi nane, saba za mikoa na moja ya Nairobi. Kwa hatua hiyo, mtu aliyekuwa wa pili katika chama alibaki bila cheo, ingawa bado alikuwa Makamu wa Rais wa nchi.

Mwezi uliofuata Odinga alijiuzulu. Katika taarifa yake alieleza kwamba dhamiri ilimsuta kwa kupokea fedha za umma ilhali hakuwa na kazi yoyote ya kufanya. Wabunge na maseneta kadhaa walimfuata, pamoja na Waziri wa Habari, Achieng Oneko, ambaye alikuwa amefungwa pamoja na Kenyatta katika kesi ya Kapenguria. Odinga akawa rais wa KPU na Kaggia naibu wake.

Sheria yapitishwa kwa haraka

Serikali haikusubiri. Bunge liliitwa Aprili 28, 1966, na marekebisho ya Katiba yakapitishwa kwa haraka. Yalieleza kwamba mbunge aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama fulani akikihama chama hicho, sharti aache kiti na kurudi kwa wapiga kura. Wapo waliojaribu kurejea KANU walipotambua gharama ya uamuzi wao.

Hoja ya serikali haikuwa dhaifu. Wabunge hao walichaguliwa mwaka 1963 kwa jina na ilani ya KANU. Ikiwa wamebadili msimamo, basi waulizeni waliowatuma. Wapinzani walijibu kwamba ni KANU yenyewe iliyoiacha ilani ya 1963, na kwamba wao ndio waliobaki nayo.

Jambo jingine halikuwaponyoka wachunguzi wa siasa. Novemba 1964, chama cha upinzani cha KADU kilivunjwa na wabunge wake wakahamia KANU. Hakuna aliyerudishwa kwa wapiga kura. Marekebisho ya mwaka 1966 hayakuwagusa, kwa kuwa yaliwahusu wale tu ambao chama walichokihama bado kipo bungeni. Kwa maneno mengine, mlango wa kuingilia chama tawala ulikuwa umeachwa wazi, na uliofungwa ni ule wa kutokea.

Uchaguzi Mkuu Mdogo

Uchaguzi wa kujaza nafasi hizo ulifanyika Juni 1966 na kujulikana kama Uchaguzi Mkuu Mdogo. Viti 29 viligombewa, 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti. KANU ilitwaa viti 20 na KPU ikapata tisa, ingawa kwa jumla ya kura KPU ilipata nyingi zaidi.

Odinga alirudi bungeni kwa ushindi mkubwa Bondo. Kaggia alishindwa Kandara na Oneko akashindwa Nakuru. Matokeo hayo yaliipa KPU sura ya chama cha eneo la Nyanza, wakati madai yake juu ya ardhi yaliwagusa maskini wa nchi nzima.

Kuanzia hapo njia ilizidi kuwa nyembamba. Sheria ya Usalama wa Umma ya mwaka 1966 ilirejesha kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa mwaka 1968, wagombea wa KPU wapatao 1,800 walienguliwa wote kwa maelezo kwamba fomu zao hazikujazwa ipasavyo. Mwaka huohuo wagombea binafsi walizuiwa kisheria. Kaggia alifungwa kwa kufanya mkutano bila kibali, na mwaka 1969 alirejea KANU.

Kisumu, Oktoba 1969

Mboya aliuawa Nairobi Julai 5, 1969, na mauaji hayo yakazusha hasira kubwa Nyanza. Oktoba 25 mwaka huo, Kenyatta alikwenda Kisumu kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Kisovieti. Yeye na Odinga walirushiana maneno makali hadharani. Vurugu zikatokea na walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11. Simulizi za wenyeji hutaja idadi kubwa zaidi.

Siku chache baadaye Odinga na viongozi wenzake waliwekwa kizuizini na KPU ikapigwa marufuku. Uchaguzi wa Desemba 1969 ulikuwa wa chama kimoja kwa vitendo. Odinga aliachiwa mwaka 1971, lakini Oneko alisubiri hadi 1975. Odinga alirudi KANU, ila alizuiwa kugombea ubunge mwaka 1974 na 1979. Alipojaribu kuunda chama kingine mwaka 1982, Bunge lilipitisha kifungu cha 2A kilichoifanya KANU kuwa chama pekee kisheria.

Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991. Mwaka uliofuata Odinga aligombea urais kupitia FORD-Kenya, akashika nafasi ya nne. Alifariki dunia Januari 20, 1994.

Urithi wa sheria ya 1966

Vyama vingi viliporejea, sheria ya 1966 ilikuwapo. Katika miaka ya 1990 wabunge kadhaa wa upinzani waliohamia KANU walilazimika kurudi kwa wapiga kura katika chaguzi ndogo. Katiba ya mwaka 2010 imeuhifadhi msingi huo katika ibara ya 103. Katiba ya Tanzania nayo, katika ibara ya 71, humvua ubunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichomdhamini.

Wanaoitetea sheria ya aina hii husema inamlinda mpiga kura dhidi ya mbunge anayenunuliwa. Wanaoipinga husema inamfanya mbunge kuwaogopa viongozi wa chama kuliko waliomchagua. Hoja zote mbili zilisikika Nairobi mwaka 1966. Tofauti ni kwamba wakati ule aliyeandika sheria ndiye aliyekuwa ameachwa, na aliyekusudiwa alikuwa tayari ameshatoka nje ya mlango.