Ndege na Mizigo Yake Katika Pwani ya Kisumu

Mji wa Kisumu ulikuzwa na mizigo. Reli kutoka Mombasa ilifika hapo mwaka 1901, na tangu wakati huo bidhaa zilishushwa katika gari la moshi zikapakiwa melini kuvuka ziwa. Miaka 30 baadaye ikafunguliwa njia nyingine, nayo ni ya angani. Mwaka 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianza safari za kutoka London hata Mwanza, na Kisumu ikawa mojawapo ya vituo vyake. Ndege zilizotoka Khartoum zilikuwa na tumbo kama la mashua, nazo zilitua juu ya maji ya ghuba. Mwaka 1937 zikafuata ndege kubwa zaidi, zenye injini 4, zilizoendelea hata Durban.

Je, zilibeba nini? Zilibeba barua, na abiria wachache wenye fedha nyingi. Sababu yake ni uzito: kila kilo ya petroli iliyopakiwa ilichukua nafasi ya kilo ya mzigo. Kwa hiyo ndege ikapewa vitu vyepesi vyenye kutakiwa upesi. Mvuvi aliyeitazama kutoka ufukoni hakuwa na chake humo.

Kanuni hiyo ya uzito inawatawala hata leo wataalamu wanaotaka kuendesha ndege kwa umeme. Wamekwenda kwa hatua mbili. Ya kwanza ni kuupa umeme kazi za ndani ya ndege. Mwaka 2014 Kenya Airways ilipokea Boeing 787 yake ya kwanza. Katika ndege nyingi za kabla yake, hewa ya abiria huchukuliwa kutoka katika injini na kuipunguzia nguvu; katika 787 hewa hiyo husukumwa na mashine za umeme, na hata breki ni za umeme. Lakini injini zake bado huchoma mafuta.

Hatua ya pili ni kuyaacha mafuta kabisa, na hapo ndipo penye ugumu. Kilo moja ya mafuta ya ndege ina nguvu zaidi ya mara 40 kuliko kilo moja ya betri ya kawaida. Mota ya umeme hupoteza nguvu kidogo kuliko injini, lakini pengo halizibiki kwa hilo. Tena mafuta hupungua njiani, bali betri hutua na uzito wake ule ule.

Ndiyo maana ndege za umeme nazo zimeanza na mizigo midogo. Shirika la Zipline, lililoanza kazi Rwanda mwaka 2016, lilifungua kituo katika miaka ya 2020 huko Chemelil, katika nchi ya miwa ya Kaunti ya Kisumu. Ndege zake hazina rubani, huendeshwa kwa betri, na mzigo wake hauzidi kilo 2: dawa, chanjo au damu. Zifikapo juu ya zahanati huuangusha mzigo kwa mwavuli, kisha hurejea kituoni.

Kilo 2 ni kidogo. Lakini mfuko wa damu haufiki hata kilo moja, nao waweza kumwokoa mama aliyejifungua. Basi, msomaji, usomapo historia ya ndege, usiulize tu imefika mbali kiasi gani. Uliza pia imembebea nani.