Benzi na Pijo Uani kwa Fundi

Vitabu vya historia tulivyosomeshwa shuleni vilijaa wafalme, vita na mikataba. Hakuna hata kimoja kilichotaja gari la baba ya mtu. Kwa hivyo kwa miaka mingi niliamini kwamba historia ni jambo linalowapata watu wengine. Leo nataka kuandika juu ya asubuhi moja ya mwaka 1994, mjini Nakuru, baba yangu aliposimama uani kwa fundi wa jua kali, mbele yake magari mawili makuukuu ya dizeli, na mfukoni pesa za kununua moja tu.

Moja lilikuwa Mercedes-Benz 240D, saluni, rangi ya krimu, limeng'arishwa mpaka unajiona uso. Jingine lilikuwa Peugeot 504 stesheni wagoni, refu kama jeneza la tajiri, mlango mmoja umepakwa rangi isiyolingana na mingine. Bei zao zilikaribiana. Benzi lilikuwa limetembea sana, ndiyo maana mtu kama baba angeweza hata kulikaribia.

Pesa zenyewe zilikuwa na kisa. Baba alikuwa karani serikalini. Miaka hiyo serikali, kwa shinikizo la Benki ya Dunia na IMF, ilikuwa ikipunguza wafanyakazi wake. Mwaka 1993 shilingi ilikuwa imeporomoka na unga ukapanda bei mpaka watu wakaanza kupima kwa vikombe. Wazee wengi walipewa kiinua mgongo kwa mkupuo mmoja wakaambiwa asante, nendeni nyumbani. Wengine walifungua vioski, wengine wakanunua mashine za kusaga, wengine, wacha tuseme ukweli, walizinywa. Sisi tulikuwa watoto watano, nyanya, na wazazi wawili. Baba alisema atanunua gari. Mama hakusema kitu, lakini usiku nilimsikia akihesabu karo kwa sauti, jina la kila mtoto na tarakimu yake.

Mimi nilikuwa Kidato cha Tatu, na nilitaka Benzi. Nilililia kwa moyo wote. Sababu niliyotoa ni kwamba ni gari imara. Sababu niliyoificha ni kwamba mtaani walikuwa wameanza kumwita baba "yule aliyepigwa kalamu", na mimi nilidhani mtu akishuka kwenye Benzi hakuna atakayeuliza anafanya kazi wapi.

Tazama nguvu ya jina. Kiswahili chetu kina Wahehe, Wakikuyu, Waluo, na tangu uhuru kikajizalia kabila jipya kabisa: Wabenzi. Hawana kijiji wala mila ya jando, wana gari tu. Neno hilo lilitembea Afrika Mashariki yote, likatumika kwa kejeli juu ya wakubwa waliorithi viti vya wakoloni. Mwaka 1967 Azimio la Arusha liliwakataza viongozi wa Tanzania mishahara miwili na nyumba za kupangisha. Huku kwetu hakuna aliyekatazwa. Kwa hivyo mtoto wa Nakuru alikua akijua kwamba ile nyota ya pembe tatu mbele ya boneti ni cheti, tena kikubwa kuliko cha shule.

Lakini hapa pana mzaha wa historia. Injini ya dizeli haikuletwa kwenye magari madogo kwa ajili ya wakubwa. Rudolf Diesel mwenyewe alizaliwa Paris mwaka 1858, mtoto wa Wajerumani. Aliona injini za mvuke zikila makaa kama moto wa msituni na kutoa kazi kidogo. Akafikiri hivi: ukiibana hewa peke yake mpaka ijae joto kali, kisha ukainyunyizia mafuta, mafuta yatawaka yenyewe bila cheche. Injini yake ilifanya kazi vizuri mwaka 1897 huko Augsburg. Katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini moja ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Diesel alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ilikuwa ikiwaza juu ya karanga za makoloni yake ya Afrika. Yaani tangu mwanzo kabisa Afrika ilikuwa imo humo, ikiwa mahali pa kutoa karanga. Septemba 1913 Diesel alipanda meli iitwayo Dresden akielekea Uingereza, na hakufika. Maiti yake iliokotwa baharini.

Miaka mingi injini hiyo ilibaki ya meli, mashine na malori. Kisha mwaka 1936 Mercedes-Benz ilionyesha Berlin gari dogo la abiria, 260D, lenye nguvu ya farasi 45. Walioliona ni mali hawakuwa mawaziri. Walikuwa madereva wa teksi, watu wanaohesabu kila tone la mafuta. Na 240D nalo, lililonifanya mimi nikose usingizi, huko Ujerumani lilijulikana mno kama teksi. Familia yake ya magari, iliyotolewa mwaka 1976, ilifikia karibu milioni 2.7 kabla ya kuachwa miaka kumi baadaye. Gari la teksi lilivuka bahari likawa ufalme! Sisi ndio tuliolivisha taji.

Asubuhi ile haya yote sikuyajua. Niliyajua ya fundi.

Fundi alikuwa mtu mfupi, ovaroli yake haikuwa na rangi tena. Alikuwa ametuambia tufike saa kumi na mbili, kabla jua halijachomoza. "Gari ya dizeli, Mzee," alimwambia baba, "usiinunue mchana. Mchana kila gari ni nzuri." Akaweka kiganja juu ya boneti moja, kisha nyingine, kama daktari anayepima homa. Alikuwa akitazama kama broka amezipasha moto kabla hatujafika. Maana dizeli haina plagi za cheche, inategemea kompresheni. Silinda zikichakaa, hewa haibanwi vya kutosha, na injini ikiwa baridi hukataa kuwaka. Ikishapata moto inaficha dhambi zake zote.

Boneti zote mbili zilikuwa baridi. Baridi ya Nakuru ya alfajiri unaijua.

Benzi lilianza. Fundi alisubiri taa ya hita plagi izimike, akawasha, na injini ikashika mara moja, tak-tak-tak, moshi kidogo tu kisha hewa safi. Peugeot lilikohoa. Lilikohoa tena. Mara ya tatu likaamka na wingu jeupe lililofunika ua mzima, kuku wa jirani wakakimbia. Baada ya dakika kadhaa likatulia. Fundi akatufundisha kusoma moshi: mweusi, mafuta yanazidi, tazama nozeli; wa buluu, inakula oili; mweupe ukiisha haraka ni baridi tu na uchovu, lakini ukiendelea wakati injini ina moto, kimbia, maji yanaingia ndani. Akafungua kifuniko cha oili injini ikinguruma, akatazama mvuke unaosukumwa nje. Akatazama maji ya rejeta kama yana mafuta.

Kisha akajipangusa mikono akasema ukweli, ingawa Peugeot ndilo lililokuwa la rafiki yake: "Mzee, Benzi ni nzima zaidi. Sidanganyi."

Nilikaribia kuruka. Baba akauliza maswali matatu tu. "Vipuri vya Benzi vinapatikana wapi?" Nairobi, fundi akajibu, na uende na mfuko mzito. "Na vya Pijo?" Fundi akacheka, akaonyesha kwa mkono ua mzima: kulikuwa na mizoga minne ya 504, kila mmoja umefunguliwa kama kuku wa sikukuu. "Na watu wangapi?" Fundi akafungua mlango wa nyuma wa Peugeot. Safu tatu za viti.

Hapo ndipo historia ya pili iliposhinda ya kwanza. Peugeot ilikuwa imeanza kuuza gari dogo la dizeli, 403, mwaka 1959. Ile 504 ilitolewa mwaka 1968, na mwaka uliofuata ikatawazwa gari la mwaka Ulaya. Stesheni wagoni yake haikuwa saluni iliyorefushwa paa tu: magurudumu ya nyuma yaliwekwa mbali zaidi, na nyuma ikapewa springi nne za kubeba mzigo. Huku kwetu jina la kampuni lilikuwa limeshajengwa na Safari. Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, magari 7 tu yalipofika mwisho, kisha 1966 na 1967 mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, kisha 1968. Mwaka 1975 ikawa zamu ya 504, ikashinda na Ove Andersson. Magari hayo ya mashindano yalikuwa ya petroli, lakini nani alijali? Watu waliyaona yakipita matopeni wakaamini. Magari ya 504 yakaunganishwa hapa Kenya, na huko Kaduna, Nigeria. Ndiyo maana kila mji ulikuwa na fundi aliyeweza kulifungua akiwa amefumba macho. Na ndiyo maana ukitaka kwenda Kisumu au Eldoret haraka, ulipanda Pijo: abiria saba, wakibanwa tisa, mama na kuku wake juu.

Baba aliniita kando. Alijua. Wazee wetu hawasemi mambo mengi, lakini wanajua. Akaniambia, "Kijana, Benzi itatuficha. Lakini haitatulisha."

Nilinuna wiki mbili.

Pijo likawekwa barabara ya Nakuru kwenda Kisumu. Likizo nilifanya utanboi: kuita abiria, kufunga mizigo juu, kukusanya nauli, kucheki oili na maji. Dizeli ilikuwa nafuu kuliko petroli, na jioni baba alimkabidhi mama pesa mezani, naye akazigawa kwa majina yaleyale niliyomsikia akiyahesabu usiku. Hakuna kilichoongezeka nyumbani, lakini hakuna mtoto aliyefukuzwa shule.

Sasa nifikie jambo ambalo sijawahi kuliandika. Agosti 1995, siku ya soko, abiria walikuwa wengi na mimi nilikuwa na haraka ya kujaza gari. Sikutia maji. Nilimwambia baba nimetia. Tulipokuwa tukipanda kuelekea Mau Summit, mshale wa joto ulilala upande mwekundu, na baba alipousoma ilikuwa tayari. Gasketi ya silinda hedi iliungua na hedi yenyewe ikapinda. Tuliketi kando ya barabara na abiria wanane wanaodai nauli yao, mvuke ukipaa kama wa sufuria ya githeri. Gari halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa langu.

Baba hakunipiga. Alirudisha nauli, moja baada ya nyingine, noti mpaka sarafu. Gari lilikaa kwa fundi wiki tano. Muhula uliofuata dada yangu mkubwa alibaki nyumbani ili mimi, niliyekuwa nakaribia mtihani, niende shule. Yeye hakuambiwa sababu ya kweli. Nadhani baba alinilinda, na sijui kama nilistahili. Dada alirudi shuleni mwaka uliofuata, nyuma ya wenzake. Leo ni mwalimu. Akisoma ukurasa huu, ndivyo atakavyojua.

Pijo tuliliuza mwaka 2001, kwa bei ya vyuma. Wakati huo Nissan za abiria zilikuwa zimeshachukua barabara, na magari kuukuu ya Kijapani yalikuwa yameshajaza miji tangu masharti ya uagizaji yalegezwe. Lile Benzi la krimu alilinunua kontrakta mmoja. Miaka mingi baadaye nililiona Nakuru, limefungwa riboni, likikodiwa kwa harusi, injini ikisema tak-tak-tak kama siku ile. Sikushangaa. Dereva teksi wa Ugiriki, Gregorios Sachinidis, aliendesha 240D yake kilomita milioni 4.6, na mwaka 2004 ikaingia kwenye jumba la makumbusho. Fundi alisema kweli: Benzi ndilo lililokuwa zima zaidi.

Basi baba alikosea? Nimelifikiria swali hili mara nyingi. Ukiuliza gari lipi limeishi, jibu ni Benzi. Ukiuliza lipi lilikufa likitubeba, unajua jibu. Magari yale mawili yalifanana kwa mafuta na yalikaribiana kwa bei, lakini moja lilikuja na heshima ya watu wengine, na jingine likaja na mafundi, vipuri na viti. Baba hakuchagua injini. Alichagua historia ambayo mtu aliyepigwa kalamu angeweza kuitumia.

Na nyinyi vijana wenzangu mnaotafuta cha kuandika, msisubiri wafalme. Muulizeni mzee wako alinunua nini mwaka alipofutwa kazi, na aliacha nini. Muulizeni mapema, kabla hakijauzwa kwa bei ya vyuma.