Kusagika, Ute na Zoezi: Msamiati wa Goti la Mkimbiaji

"Magoti yamesagika." Utaisikia kauli hiyo kwenye foleni ya zahanati, ndani ya daladala, barazani kwa wazee, na hata miongoni mwa wakimbiaji waliovuka miaka arobaini. Mara nyingi hufuatwa na ya pili: "Ute umekwisha." Kisha huja ya tatu, ambayo ndiyo hukumu: "Acha kukimbia, utayamaliza kabisa." Ni kauli fupi, na wanaozitamka huzitamka kwa huruma. Lakini zimewakalisha kitini watu wengi ambao wangeweza kutembea, kupanda ngazi na kukimbia kwa miaka mingi zaidi.

Naona inafaa kuyapima maneno haya moja baada ya jingine. Mtu hulitunza goti lake kadiri anavyolielewa, na hulielewa kwa maneno aliyokabidhiwa na wenzake.

Tuanze na kusaga. Tunasaga mahindi, tunasaga kahawa, tunasaga dawa ya mitishamba. Kilichosagwa hakirudi kuwa punje. Tukilitia kitenzi hiki katika kauli ya kutendeka, kikawa sagika, tunataja hali iliyokwisha kutimia, isiyo na mtenda wala njia ya kurudi nyuma. Tukisema mifupa inasagana, tunaipa sura ya maadui wawili wanaotafunana kila mwenye mguu anapopiga hatua. Kwa vyovyote vile, goti limegeuzwa kipuri chenye akiba ya kilomita: kila hatua inapunguza akiba, na mwenye busara ni yule anayekaa. Ushauri wa kukaa umo ndani ya kitenzi chenyewe, kabla daktari hajafungua mdomo.

Goti halifanyi kazi hivyo. Ni kiungo kinachokutanisha mfupa wa paja na mfupa wa muundi, na mbele yake imekaa pia ya goti, ambayo kamusi zetu huiita pia kilegesambwa. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, tishu laini na imara ya jamii moja na ile tunayoitafuna kwenye ncha ya kidari cha kuku. Gegedu ya goti haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata katika ute unaoizunguka, na ute huo hupenya goti linapobeba uzito na kuachiwa, likabeba tena na kuachiwa tena, kama sifongo inayokamuliwa na kunywa maji upya. Kwa hiyo hatua ya mguu inailisha gegedu, na goti lisilotumika linaiacha na njaa.

Hesabu zilizopo zinaelekea huko huko. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha makundi matatu ya watu. Miongoni mwa waliokimbia kwa burudani na afya, asilimia 3.5 walikuwa na ugonjwa wa kudhoofika kwa gegedu ya goti au nyonga. Miongoni mwa wasiokimbia kabisa walikuwa asilimia 10.2. Kwa wakimbiaji wa mashindano walifika asilimia 13.3. Takwimu za namna hii hazithibitishi chanzo, kwa maana mwenye magoti mazima huenda ndiye anayeendelea kukimbia. Hata hivyo zinatosha kuitilia shaka hukumu ya kwamba kila anayekimbia anajisaga. Zinatuonya pia kwamba kipimo kina maana: mazoezi ya kiasi ni jambo moja, na mbio za ushindani za miaka mingi ni jambo jingine.

Hapa tunahitaji kutenganisha maneno mawili ambayo mazungumzo ya kila siku huyachanganya: kuumia na kuchakaa. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico City, John Stephen Akhwari wa Tanzania, mwana wa Mbulu, alianguka njiani na goti lake likaumia vibaya. Alifungwa bandeji akaendelea, akamaliza kwa saa 3:25:27, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Tunamheshimu kwa kumaliza, na ni haki yake. Lakini goti lile halikuchakazwa na mbio. Liliumizwa kwa kuanguka. Madaktari wanajua kwamba jeraha la goti, hasa kuchanika kwa ligamenti au kwa zile gegedu mbili zenye umbo la mwezi mchanga zilizo katikati ya kiungo, huongeza sana uwezekano wa maradhi ya goti miaka ya baadaye. Mchezaji mpira aliyechanika ligamenti akiwa na miaka ishirini, akaja kuumwa goti akiwa na hamsini, asilaumu mbio za asubuhi. Alaumu jeraha ambalo pengine halikutibiwa wala kupewa muda wa kupona.

Sasa ute. Neno hili ni tajiri: kuna ute wa yai, ute wa bamia, ute wa mlenda, na ute wa viungo. Utajiri huo ndio umezaa imani iliyoenea kwamba mwenye magoti mabovu ale bamia kwa wingi ili ute urudi. Bamia ni mboga njema na aile kwa raha. Lakini ute wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote. Hakuna mfereji unaoupeleka gotini. Ute wa goti hutengenezwa na utando unaokizunguka kiungo chenyewe, na katika goti zima haujazi hata kijiko cha chai. Tena goti linaloumwa mara nyingi huwa na majimaji mengi kuliko kawaida, ndiyo maana huvimba. Kilichopungua ni ubora wa ute, wala si lazima kiasi chake. Anayeuza chupa ya "kurudisha ute" anauza jina. Mambo mawili yameitwa kwa neno moja, na mgonjwa ndiye anayelipia.

Baridi yabisi, jina jingine linalopewa maumivu ya viungo, nalo lina historia ndefu. Yabisi ni kavu, na jina zima limetokana na tiba ya kale iliyofika pwani yetu pamoja na elimu ya Waarabu, iliyopima miili na vyakula kwa sifa nne: joto, baridi, ukavu na unyevu. Maumivu ya viungo yalihesabiwa kuwa ni baridi na ukavu kuuzidi mwili. Jina ni zuri na limedumu, ila leo linabeba maradhi mengi kwa pamoja. Yupo ambaye kinga ya mwili wake inashambulia viungo. Huyu mara nyingi huamka na vidole vilivyokakamaa kwa saa nzima au zaidi, mikono yote miwili. Yupo mwenye jongo, linaloletwa na asidi ya yuriki na kushambulia ghafla, hasa kidole gumba cha mguu. Yupo ambaye gegedu yake imedhoofika, na ukakamavu wake wa asubuhi huachia ndani ya nusu saa. Watatu hawa hawatibiwi sawa. Kuambiwa "una baridi yabisi" kusiwe mwisho wa uchunguzi.

Tuje kwenye mbio zenyewe. Kukimbia, katika lugha yetu, ni kwenda kasi, na ni kutoroka pia. Mbio ni kasi: tunasema njoo mbio, enda mbio. Si ajabu basi kwamba anayeanza mazoezi akiwa na miaka hamsini hutoka nyumbani kama anayefukuzwa, na baada ya wiki mbili goti linamwuma. Lakini Kiswahili kina neno jingine ambalo wengi wetu tulilijua tangu shule ya msingi: mchakamchaka. Mchakamchaka una mwendo wake, miguu ya wengi ikienda pamoja, na una nyimbo. Anayeweza kuimba huku anakimbia yuko katika mwendo ambao moyo wake unaumudu. Akishindwa hata kuzungumza, amepita kiasi. Kipimo hicho cha mazungumzo ndicho walimu wa mazoezi wanachokifundisha duniani kote, nasi tulikuwa nacho kwenye viwanja vya shule bila kununua saa wala kifaa.

Na lipo neno ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote haya: zoezi. Shina lake ni zoea. Kufanya mazoezi ni kuuzoeza mwili jambo usilolizoea, mpaka ulizoee. Hata riadha, tuliyoipokea kutoka Kiarabu, ina asili inayokaribiana na hiyo: katika Kiarabu, kitenzi chake hutumika pia kwa kumfunza farasi mchanga mpaka akubali kupandwa. Njia mbili za lugha, moja ya Kibantu na moja ya Kiarabu, zimekutana kwenye wazo moja. Goti halihesabiwi kilomita, linazoezwa. Linaumwa pale linapodaiwa ghafla kile ambacho halijazoezwa.

Mfano wa kuuzoeza mwili ni mkimbiaji Ron Hill wa Uingereza, aliyekimbia kila siku, angalau maili moja, kuanzia Desemba 1964 hadi Januari 2017, alipokuwa na miaka 78. Aliacha kwa sababu ya maumivu ya moyo. Mtu mmoja si ushahidi wa watu wote, na ukaidi wake wa kukimbia hata siku ya jeraha si wa kuigwa. Ninachokiona kwake ni uzito wa maili moja: siku nyingi zilijengwa kwa kipimo kidogo.

Basi anayetaka kukimbia kila siku katika umri mkubwa auzoeze mwili kwa mpango. Aanze kwa kutembea, achanganye na mchakamchaka mfupi, aongeze kidogo kidogo, na siku moja ngumu ifuatwe na siku nyepesi. Apige hatua fupi za harakaharaka. Hatua ndefu hulitwisha goti mzigo mkubwa zaidi. Aimarishe misuli ya mapaja na nyonga, kwa kusimama na kuketi kitini bila kushika mikono, au kwa kupanda ngazi, kwa sababu misuli hiyo hupokea sehemu ya kishindo na kulipunguzia goti mzigo. Mwenye uzito uliozidi ajue kwamba, kwa utafiti uliofanywa kwa wazee wenye maumivu ya magoti, kila kilo moja anayoipunguza hulipunguzia goti takribani kilo nne katika kila hatua. Goti linaloalika bila maumivu lisimtishe. Lakini goti linalovimba, linalonasa, linalomwangusha, au lililo moto pamoja na homa, lipelekwe hospitali bila kungoja.

Napendekeza pia tubadilishe kauli. Badala ya "magoti yamesagika", tuseme "magoti yamedhoofu". Sisemi hivyo ili kumfariji mgonjwa kwa uongo: gegedu iliyopotea ni vigumu kurudi, na hilo aambiwe. Lakini maradhi haya ni ya kiungo kizima, pamoja na misuli yake, na mazoezi yanayofaa hupunguza maumivu na kurudisha uwezo wa kutembea hata kwa mwenye gegedu iliyopungua. Kilichosagika hutupwa, kilichodhoofu huimarishwa. Daktari, mwalimu wa michezo, mtangazaji wa kipindi cha afya, na wewe unayemshauri mama au baba yako nyumbani: chagueni kitenzi kinachomwinua mtu kitini.