Ukihama kampuni ya intaneti na kasi ikapungua: Hatua za kuchukua

MTEJA anayehama kampuni moja ya intaneti hadi nyingine aghalabu hutafuta kasi zaidi au bei nafuu. Hata hivyo, kuna wakati mambo huenda kinyume: siku chache baada ya fundi kuondoka, video zinakwamakwama, mkutano wa kazi unakatika na mwanafunzi anashindwa kupakua kazi ya shule.

Kabla ya kuilaumu kampuni mpya, ni muhimu kubaini mahali ambapo kasi inapotea. Huenda ni ndani ya nyumba, katika mtandao wa kampuni, au mbali zaidi, chini ya bahari. Kila chanzo kina tiba yake.

Soma mkataba upya

Kampuni huuza kasi kwa megabiti, ilhali kompyuta nyingi huonyesha kasi ya kupakua faili kwa megabaiti. Baiti moja ni biti nane. Kwa hivyo, kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde hakiwezi kupita megabaiti 1.25 kwa sekunde, na anayeiona tarakimu hiyo hajapunjwa.

Tazama pia iwapo kasi ya kupakia ni sawa na ya kupakua, na kama mkataba unairuhusu kampuni kupunguza kasi mteja anapofikisha kiwango fulani cha matumizi kwa mwezi. Neno "hadi" mbele ya tarakimu humaanisha upeo, si ahadi ya kila saa.

Pima kwa kebo

Unganisha kompyuta na ruta kwa kebo, zima vifaa vingine, kisha upime kasi. Rudia asubuhi, alasiri na saa tatu usiku kwa siku kadhaa, na uandike matokeo pamoja na tarehe na saa. Mali bila daftari huisha bila habari.

Iwapo kebo inatoa kasi kamili lakini waifai ni duni, tatizo limo nyumbani. Mara nyingi ruta ya kampuni ya zamani huachwa ikiwaka, nazo simu zikaendelea kuitafuta au mawimbi yake yakaingilia yale ya ruta mpya. Izime.

Masafa ya gigahezi 2.4 hufika mbali, lakini katika majengo ya ghorofa hugombaniwa na ruta za majirani. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana. Chagua iliyo na msongamano mdogo. Masafa ya gigahezi 5 yana kasi zaidi, ila hudhoofishwa na kuta za mawe. Ruta iwekwe katikati ya nyumba, mahali pa juu, wala si nyuma ya televisheni.

Ikiwa umelipia megabiti 200 na kipimo cha kebo kinakwama karibu na 94, shuku kebo iliyochakaa au tundu la kifaa cha zamani, ambalo upeo wake ni megabiti 100.

Tatizo likiwa kwa kampuni

Kasi inayoshuka jioni pekee ni dalili ya msongamano. Katika mfumo wa faiba unaotumiwa sana majumbani, nyumba 32 au hata 64 zinaweza kugawana mkondo mmoja wa takriban gigabiti 2.5 kwa sekunde. Aliyehama kutoka faiba hadi intaneti isiyo na waya naye hugawana mlingoti mmoja na wenye simu wa mtaa mzima.

Kasi iliyo duni mchana na usiku huenda ikatokana na waya wa faiba uliokunjwa mno au kiungo chenye vumbi. Mwambie fundi apime nguvu ya mwanga unaofika kwenye kifaa chako, wala asitosheke na kuzima na kuwasha ruta.

Pia waulize majirani wanaotumia kampuni nyingine. Mnamo Mei 2024, hitilafu katika kebo za baharini za EASSy na SEACOM zilipunguza kasi ya intaneti Kenya na nchi jirani. Katika hali kama hiyo, kuhama tena huenda kusisaidie, ila kwa kampuni iliyonunua nafasi katika kebo nyingine.

Kulalamika

Wasilisha malalamishi kwa kampuni kwa maandishi, uambatishe vipimo vyako na udai nambari ya kumbukumbu. Kampuni ikikosa kuyatatua, yafikishe kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya (CA), ambayo humtaka mteja aanze na kampuni yenyewe. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata huduma zenye ubora unaofaa, na fidia anapopata hasara kutokana na kasoro za huduma hizo.

Kwa yule ambaye hajahama, kinga ni bora kuliko tiba. Pima kasi ya huduma ya zamani ili upate cha kulinganisha, waulize wakazi wa jengo lako kuhusu hali ya jioni, na ukiweza, usikatize huduma ya kwanza hadi ile mpya ipite mtihani wa wiki mbili. Gharama ya mwezi mmoja wa kulipia huduma mbili yaweza kuwa ndogo kuliko ya kufungwa na mkataba wa mwaka mzima.