Bonde la Mto Po: Italia Isiyo na Upepo wa Bahari

Pepo za kaskazi zikianza kuvuma, Malindi na Watamu hupokea wageni wa Kiitaliano. Wao wanatujua, sisi kwao tunakujua kidogo. Vijana wetu wanaokwenda huko kwa kazi, masomo au ndoa hudhani Italia yote ni jua na bahari. Kaskazini mwa nchi hiyo, penye miji ya Milano, Torino na Bologna, mambo ni mengine.

Eneo hilo ni Bonde la Mto Po, mto mrefu kuliko yote Italia, kiasi cha kilomita 650. Kaskazini na magharibi limezuiwa na milima ya Alps, kusini na milima ya Apennines. Upande wa mashariki tu, penye bahari ya Adriatic, ndio ulio wazi. Bonde ni kama karai: hewa ikishaingia haitoki upesi.

Baridi ni Disemba hadi Februari. Usiku wa Januari mjini Milano hushuka hadi karibu nyuzi 0, na mchana ni nyuzi 6 au 7 hivi. Theluji huanguka siku chache tu. Kinachomchosha mgeni ni ukungu. Hewa baridi ni nzito, hivyo hukaa chini, na hewa yenye joto kidogo huifunika juu kama kifuniko cha sufuria. Jua laweza kupotea siku kadhaa, na moshi wa magari na viwanda hubaki humo humo. Mwenye pumu na alijue hilo kabla hajakata tikiti.

Kiangazi ni Juni hadi Agosti. Mchana wa Julai hufika nyuzi 30, na siku za joto kali hupita 35. Msomaji wa Mombasa atasema hayo tumeyazoea. Lakini sisi tuna upepo wa bahari; kule hewa husimama, jasho halikauki, na vyumba vya ghorofani hubaki na joto usiku kucha.

Mvua nyingi hunyesha Machi hadi Mei, na tena Septemba hadi Novemba, karibu na miezi ya mvua zetu za mwaka na vuli. Hata hivyo akiba kubwa ya maji ni theluji ya Alps, inayoyeyuka polepole na kunywesha mashamba ya mpunga ya Vercelli, Novara na Pavia. Naam, mpunga: katika Umoja wa Ulaya hakuna nchi inayovuna mchele mwingi kuliko Italia.

Akiba hiyo sasa haina uhakika. Mwaka 2022 theluji na mvua zilikuwa haba, na mwezi Julai serikali ikatangaza hali ya dharura katika majimbo matano. Maji ya chumvi yalipanda mtoni makumi ya kilomita. Wakulima wa Ozi na Kipini, wanaoiona bahari ikiingia mto Tana, wanaijua hasara hiyo. Mei 2023 ikawa kinyume: mafuriko ya Emilia-Romagna yaliua watu 17.

Anayekwenda ajiandae pia kwa urefu wa siku. Mwezi Disemba jua huchomoza saa 2 asubuhi na kuzama kabla ya saa 11 jioni. Mwezi Juni huzama saa 3 na robo usiku. Ramadhani ikiangukia hapo, saumu hupita saa 17. Ikiangukia Disemba ni nyepesi, ila baridi ni yake.

Mwenye hiari afike Mei au Septemba. Anayelazimika kufika Januari abebe koti zito na viatu visivyopitisha maji. Tena amuulize mwenyeji wake mapema: gesi ya kupasha nyumba joto, ambayo kwa kawaida huwashwa kuanzia 15 Oktoba hadi 15 Aprili, italipwa na nani? Bili hiyo ndiyo huwashangaza wengi kuliko theluji.