Pointi Sita za Takataka: Somo la MYSA Ambalo Eastlands Tumelisahau

Eastlands haijawahi kukosa faundesheni. Uchaguzi ukikaribia, zinachipuka kama uyoga. Kwanza tishati, halafu bango, halafu mheshimiwa anashika beleshi kwa sekunde kumi apigwe picha. Mwezi wa tatu ukifika hakuna mtu anapokea simu. Ndiyo maana wasee wengi mtaani wakisikia neno "mradi" wanacheka tu.

Siwalaumu. Lakini kuna msemo mmoja unanichoma: ati vijana wa ghetto hawawezi kuendesha kitu kikadumu. Huo ni uongo, na historia iko hapa hapa, kando ya Juja Road.

Nazungumzia MYSA, yaani Mathare Youth Sports Association. Ilianza 1987. Watu wengi wa rika langu wanaijua kama "ile ya mpira". Mpira ulikuwa chambo tu. Kitu chenyewe kilikuwa hesabu, na hiyo hesabu ndiyo nataka tuiangalie leo.

Turudi nyuma kidogo. Bonde la Mathare lilikuwa machimbo ya mawe kabla ya kuwa mtaa. Wakati wa Hali ya Hatari, miaka ya 1950, serikali ya mkoloni ilibomoa nyumba za huko kwa sababu ya Mau Mau. Baada ya uhuru watu walirudi, wakajenga tena, na miaka ya 1960 wakawa na kamati za vijiji zilizoamua kesi za majirani na kuanzisha shule za chekechea. Hakuna aliyewatuma. Mwaka 1973 padri Mholanzi, Arnold Grol, akaanzisha Undugu Society kwa ajili ya machokoraa, wale watoto waliokuwa wakielekeza magari mjini pa kuegesha ili wapewe senti. Kwa hivyo MYSA haikuanguka kutoka mbinguni. Ilikuta watu ambao tayari walikuwa wamezoea kujipanga.

Sasa, kwa nini takataka? Mwaka 1983 serikali ya Moi ilivunja baraza la jiji lililochaguliwa na wananchi, ikaweka tume ya watu walioteuliwa. Tume hiyo ilikaa mpaka 1992. Huduma za jiji zikazorota, na kama kawaida, mtaa wa maskini ndio uliosahaulika kwanza. Mitaro ikaziba, lundo la taka likawa kubwa kuliko nyumba, na mvua ikinyesha maji machafu yanaingia hadi kitandani. Watoto waliugua kwa sababu ya kile walichokanyaga wakienda kucheza.

Hapo ndipo anaingia Bob Munro, Mkanada aliyekuwa Nairobi akifanya kazi za mazingira na Umoja wa Mataifa. Aliwakuta watoto wa Mathare wakicheza na juala, ule mpira wa makaratasi na kamba ambao kila mtoto wa mtaa ameusuka. Akakubali kuwasaidia kupata mipira na refa, lakini kwa sharti: nyinyi pia mfanye kitu kwa mtaa wenu. Sharti hilo likawa kauli ya chama. Ukifanya kitu, MYSA inafanya kitu. Usipofanya kitu, MYSA nayo haifanyi kitu.

Ligi ikaanza. Na ndani ya ligi wakaweka kanuni ambayo kwangu ni moja ya fikra kali zaidi zilizowahi kutoka Nairobi. Timu ikishinda mechi, inapata pointi tatu, kama kawaida. Timu ikimaliza kazi ya kusafisha mtaa, inapata pointi sita.

Isome tena. Kusafisha mtaro kulikuwa na thamani ya kushinda mechi mbili.

Maana yake, unaweza kuwa na straika hatari kuliko wote Huruma, lakini timu yako isipotoka na reki na mikokoteni, timu ya watoto wasiojua hata kupiga kona inawapita kwenye jedwali. Na jedwali ni la kila mtu. Hakuna mjomba wa kupigia simu. Mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kusimama mbele ya jedwali hilo na kuhesabu mwenyewe kama timu yake imedhulumiwa.

Ndiyo maana nasema siri ilikuwa hesabu. Faundesheni nyingi zinakuambia "tunawezesha vijana" na huwezi kujua nani aliwezeshwa, lini, kwa nini yeye na si wewe. MYSA iliandika. Kazi ikifanywa, inaandikwa. Ikiandikwa, inalipa, na inalipa kwa kitu ambacho mtoto wa Mathare alikuwa anakililia kweli: nafasi kwenye ligi.

Baadaye hesabu hiyo hiyo ikapelekwa shuleni. Kijana aliyejitolea kufundisha timu ya watoto, kuchezesha mechi au kuongoza usafi, alikuwa anakusanya pointi zake mwenyewe. Wenye pointi nyingi walipata tuzo ya uongozi, na pesa ya tuzo ililipwa moja kwa moja shuleni kama karo.

Hapa naongea nikiwa na uchungu kidogo. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, karo ilikataa. Niliomba basari mara tatu. Sikuwahi kuambiwa nilikosa kwa nini, na waliopata hawakujua walipata kwa nini. Kukosa kunauma, lakini kukosa bila kujua kipimo kilikuwa gani kunakufanya uamini kwamba dunia yote ni ya kujuana. Mtoto wa MYSA aliyekosa tuzo angalau alijua amepungukiwa na pointi ngapi.

Na waliokuwa wakiendesha haya ni nani? Vijana wenyewe. Mitaa iligawanywa kwa kanda, kila kanda ikachagua viongozi wake, na wengi wao walikuwa hawajafika miaka ishirini. Hao ndio walipanga ratiba, wakatatua ugomvi wa mechi, wakaamua nani ametimiza kazi na nani amedanganya.

Mwaka 1992 wasichana wakaingia. Usidhani ilikuwa rahisi. Msichana akirudi shule kuna maji ya kuteka, kuna mtoto wa kubeba, kuna ugali wa kusonga. Wazazi wengi waliona uwanja ni mahali pa kuharibikiwa. Kwa hivyo ratiba ilibidi iheshimu kazi za nyumbani, na viongozi wakaenda mlango kwa mlango kuongea na kina mama. Kumpa msichana mpira bila kuuliza ana saa ngapi za kucheza ni bure.

Mwaka 1994 wakaanza mafunzo ya Ukimwi, kijana akimfundisha kijana, wakati watu wazima wengi bado walikuwa wananong'ona tu. Mwaka 1997 ukaja mradi wa Shootback: watoto walipewa kamera za bei ya chini wakaambiwa wapige picha za maisha yao. Nyinyi mnaotengeneza kontenti za mtaa leo mkidhani mmeanza, hapana. Kuna watoto wa Mathare walioanza kabla wengi wetu hatujazaliwa, bila bando, bila ringlaiti.

Na mpira wenyewe? Mathare United ilizaliwa 1994. Wachezaji walitakiwa pia kufanya kazi za jamii. Mwaka 1998 wakabeba Kombe la Moi, wakalibeba tena 2000, na 2008 wakawa mabingwa wa ligi kuu ya Kenya chini ya kocha Francis Kimanzi. Dennis Oliech alipitia hapo kabla ya kwenda Nantes, Ufaransa. Na MYSA ilipendekezwa kwa Tuzo ya Amani ya Nobel mara mbili, 2003 na 2004. Shirika lililoanza kwa kuzibua mitaro, jameni.

Najua maswali yenu. La kwanza: si ilianzishwa na mzungu? Ndiyo. Na pesa za Norwei zilisaidia sana, hilo halifichwi. Lakini mzungu mmoja hawezi kuzibua mitaro ya Mathare. Mikono ilikuwa yetu, madaftari yalishikwa na watoto wetu. Na pesa za wafadhili zimemwagika kwenye miradi mingi Eastlands iliyokufa bila hata kaburi. Kwa hivyo pesa peke yake haielezi.

La pili ni gumu zaidi: pointi haziliwi. Kweli kabisa. Mtoto wa shule anaweza kusafisha kwa pointi, lakini msee wa miaka ishirini na tano mwenye mtoto anahitaji unga. Mwaka 2020 serikali ilileta Kazi Mtaani, na vijana wakawa wanalipwa shilingi 455 kwa siku kufyeka na kuzibua mitaro. Ile pesa ililisha nyumba nyingi wakati wa korona, siwezi kuidharau. Lakini ilipokwisha, 2022, taka zilirudi, kwa sababu siku ya malipo ndiyo ilikuwa kitu pekee kilichotuunganisha na ule mtaro. Hakuna aliyetuuliza tungependa kusafisha wapi, na hakuna jedwali lililobaki.

Kwa hivyo sisemi tufanye kazi bure. Kazi ya jiji ilipwe na jiji. Nasema hata pesa ikiwepo, bila hesabu ya wazi inayoshikwa na wakaaji wenyewe, mradi unakufa na bajeti yake.

Na hilo bado linawezekana. Dandora, miaka ya 2010, vijana walianza kusafisha viwanja vya katikati ya nyumba, wakapanda miti, wakapaka rangi, wakaweka geti. Kisha Dandora Transformation League ikaleta mashindano: kiwanja kwa kiwanja, nani kang'arisha zaidi. Majirani waliokuwa hawasalimiani wakaanza kuchanga, kwa sababu hakuna mtu anapenda kushindwa na ploti ya ng'ambo. Ni damu ile ile ya 1987.

Kwa hivyo faundesheni mpya ikija mtaani kwako, usikimbilie tishati. Uliza maswali matatu. Kanuni ya kupata na kukosa iko wapi, na imeandikwa? Daftari linashikwa na nani, mkaaji wa hapa au mtu wa ofisini? Na mfadhili akiondoka kesho, ni nini kitakachotufanya tutoke Jumamosi na reki?

Wakikosa majibu, tishati chukua, itakufaa kulalia. Lakini jina lako usiwape.